Kiti cha Jagwa la Bwana Ridley

Jagwa la Bwana Ridley lilipofikishwa gereji juu ya lori, fundi Kosgei alilizunguka mara tatu. Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, la kijani kibichi, na mji mzima wa Nakuru ulilijua kwa mlio kabla ya kuliona. Sasa pua yake ilikuwa imekunjamana, madigadi ya kulia imeng'ata gurudumu, kioo cha mbele hakipo. Wapita njia walichungulia mlangoni wakasema hilo liuzwe kama chuma chakavu. Kosgei aliwaacha waseme. Watu wasiowahi kushika nyundo hawakosi maoni.

Lakini moyo ulikuwa unamuuma, na si kwa ajili ya gari. Jumamosi iliyopita Jagwa hilo lilikuwa limemgonga Wasike, mpishi wa shamba moja kule Rongai, akisukuma baiskeli yake kando ya barabara, na Wasike alifariki pale pale. Bwana Ridley aliwaambia polisi kwamba alikuwa amelewa na amesinzia kiti cha kushoto, na kwamba usukani aliushika mtumishi wake. Mtumishi huyo aliitwa Kimaiyo. Kazi yake ilikuwa kupanda gari na bwana ili ateremke kufungua mageti ya mashamba, na kweli alikuwa amejifunza kuendesha lori la maziwa. Sasa alikuwa rumande akingoja kesi.

Kimaiyo alikuwa bakule wa Kosgei. Kwa Wakalenjin hilo si neno la kuchezea. Walitahiriwa asubuhi moja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja, na watu wa kibanda kimoja hawafichani kitu. Bakule akikuuliza jambo, unamjibu. Kumwambia "hilo halikuhusu" ni sawa na kumtemea mate.

Kwa hiyo Kosgei aliianza kazi ile kwa hasira, ingawa mkono wake ulikuwa mtulivu. Alifundishwa na Gachanja, fundi wa bodi ambaye hakuwa na mwenzake Bonde la Ufa lote, hadi mwaka wa hamsini na nne walipompakia kwenye lori pamoja na Wakikuyu wengine na kumrudisha rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, kwa sababu ya Hali ya Hatari. Gachanja alimwachia nyundo zake saba na somo moja. Usipige kwanza, alikuwa akisema, soma. Bati hukunjika kwa zamu, na kunjo lililokuja mwisho ndilo la kwanza kufunguliwa. Anayekimbilia kunjo kubwa analipasua bati bure.

Basi Kosgei aliisoma ajali ile kutoka mwisho kurudi mwanzo. Wiki nzima ya kwanza alinyoosha mlango na sehemu ya nyuma, akigonga kidogo kidogo, chuma cha kukingia kikiwa nyuma ya bati, vidole vikipapasa kama vya mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Wiki ya pili aliingia ndani. Hapo ndipo alipokikuta kiti.

Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa nyuma hadi tundu la mwisho la reli zake. Mshindo ulipoikunja sakafu, reli zilikibana papo hapo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kukisogeza hata upana wa kucha. Kosgei alikaa juu yake, naye si mfupi, na miguu yake ikazifikia pedali kwa taabu. Bwana Ridley alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni. Kimaiyo, masikini, alikuwa mtu mfupi mno, ambaye tangu jandoni walimtania kwamba wakitembea kwenye nyasi wamfunge kengele. Kwenye kiti kile miguu yake ingening'inia kama ya mtoto kanisani. Hakuwa ameendesha gari hili, na chuma chenyewe kilikuwa kinasema hivyo.

Kosgei alifurahi mno. Alikikata kiti pamoja na reli zake, akatengeneza reli mpya, akatafuta kiti kingine. Desturi ya gereji ile ilikuwa wazi: chuma kisichofaa ni cha fundi. Alimwonyesha mwenye gereji, Kartar Singh, naye akapunga mkono tu, chukua. Kosgei alikitia guniani akakibeba hadi chumbani kwake Bondeni, akakifukia chini ya makaa. Mkewe, Jepkoech, aliuliza ni nini hicho. Alimjibu kwamba ni uhai wa mtu.

Jumapili alikwenda kumwona Kimaiyo. Alimweleza yote kwa Kikalenjin, askari asiyeijua lugha hiyo akiwa amesimama kando. Hakimu akikuita, alimwambia, sema uletewe kiti, kisha ukikalie mbele ya watu wote waone. Alitarajia kuona furaha. Kimaiyo aliinamisha kichwa, na Kosgei akadhani ni hofu, maana mtu mweusi kumbishia mzungu kortini miaka ile haikuwa kazi ndogo. Alimhurumia. Hatimaye Kimaiyo aliinua uso.

"Umekiweka wapi, bakule?"

Kosgei alimwambia. Angewezaje kutomwambia?

Jumatano asubuhi, Jepkoech akiwa anamimina chai, askari watatu waliingia. Hawakufunua godoro. Hawakufungua sanduku. Hawakugusa hata debe la unga lililokuwa mlangoni. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye gunia la makaa, wakalimwaga sakafuni, wakatoa kiti. Kosgei alibaki na kikombe mkononi. Aliwatazama wakichukua walichokijua, na kabla hawajamfunga pingu alikuwa amekwisha kuelewa. Mahali pale palijulikana na watu watatu tu, na mmoja wao alikuwa mbele yake akilia.

Alishtakiwa kwa kuiba mali ya mteja. Kartar Singh aliitwa shahidi, akaulizwa kama alitoa ruhusa, akatazama viatu vyake na kusema hakumbuki vizuri. Kosgei alipojaribu kueleza habari ya tundu la mwisho, hakimu alimkatiza kwamba hiyo si kesi iliyo mbele yake. Alifungwa miezi mitatu. Kiti hakuna aliyekiona tena. Wiki moja baadaye Kimaiyo alisimama mahali pale pale, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeendesha, akafungwa mwaka na nusu.

Jagwa lilimaliziwa na fundi mwingine, na hakuwa na mengi ya kufanya zaidi ya rangi. Jepkoech alikuja gerezani kumwambia mumewe kwamba amemwona Bwana Ridley akilipitisha mbele ya posta, linang'aa, huwezi kudhani liliwahi kugusa hata jani. Kosgei aliisikia ile sifa ya kazi yake, na aliona uchungu kuliko siku aliyohukumiwa.

Kimaiyo aliletwa gereza lile lile, lakini wiki nne zikapita wasisemezane, kwa sababu Kosgei kila alipouona ule ufupi kwenye foleni alihama. Siku moja walipelekwa pamoja kufyeka nyasi karibu na ziwa. Kimaiyo alifyeka akisogea, akisogea, hata wakawa bega kwa bega. Alieleza bila kuulizwa. Bwana Ridley alikuja rumande siku ya tatu. Alisema wakubwa wa shamba alikokaa mamake Kimaiyo wanataka kupunguza ng'ombe wa wafanyakazi, na wazee wasiofanya kazi waondoke; lakini kama Kimaiyo atabeba lile jambo, mamake atabaki nyumbani kwake na ng'ombe wake wote kumi na mmoja, hadi afe. Kimaiyo alikuwa amekwisha kukubali siku ile Kosgei alipokuja na habari za kiti.

"Ungenitoa," Kimaiyo alisema, "na mama angelala wapi? Nilikuwa nifanye nini, bakule?"

Kosgei alifyeka mistari miwili mizima kabla ya kujibu. Alimkumbuka mama yule. Alikuwa amemlisha yeye pia, miaka mingi, bila kupima.

"Uniambie," alisema. "Ile Jumapili, pale pale. Ningerudi nyumbani nikakichukua hicho kiti, nikakiyeyusha, nikafunga mdomo mpaka kaburini. Mama yako ni mama yangu. Mimi nilikwambia kila kitu. Wewe uliona ni afadhali umwambie mzungu."

Kimaiyo aliacha kufyeka. Akanong'ona jina lile la rika, "Bakule," mara moja, kwa sauti ya kuomba.

"Mimi ni Kosgei," mwenzake alimjibu, akachukua fyekeo lake, akaenda kufyeka upande wa pili.