Toleo la Jamii Linavuja

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi mawingu mazito yalikuwa yamekaa juu ya mji bila nia ya kunyesha, na joto la mvuke lilifanya karatasi zigande mikononi. Katika chumba cha ramani cha Idara ya Maji, mchoraji alifuta meza yake kwa kitambaa, akaiweka vizuri kompyuta aliyopewa na ofisi, akainamisha kichwa na kuomba. Aliomba kwa ufupi, maana mhasibu wa meza ya pili alikuwa akinywa chai kwa kelele. Aliomba achague vizuri.

Mabomba ya mji ule alikuwa ameyachora kwa kalamu na rula tangu ujana wake, na sasa alikuwa na wajukuu. Meneja alimwambia kuwa wageni wanaokuja Ijumaa, ambao wangeamua kama Idara ipewe mitambo mipya, hawataki ramani iliyolala. Wanataka ramani inayotembea. Ndipo ofisi ikampeleka darasa la jioni, akakaa dawati la mbele na kuandika kila neno.

Mwalimu wa jioni alikuwa kijana mpole mwenye fulana iliyofifia maandishi. "Leo tunaanza na maktaba," alisema, na mchoraji akageuka huku na huku kutafuta rafu za vitabu. Mwalimu akaeleza kwamba maktaba ya kompyuta ni kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, unazichukua bure, na ukitaka unazifungua na kuzirekebisha. Hii yao ilikuwa ya uhuishaji, yaani ya kuzipa picha uhai.

"Lakini kuna matoleo mawili, kwa hiyo tusikilizane. Kabla ya kitu kingine chochote, toleo!"

Mchoraji akafungua mkoba. Kanisani kwao neno hilo likitamkwa, kila mtu hufungua mkoba.

"Mama, hapa hatupitishi kapu," alisema mwalimu, na darasa likacheka bila ubaya. Mchoraji akacheka nao, ingawa masikio yake yalipata moto.

Toleo moja lilikuwa la mwanzilishi. Yeye ndiye aliyeianza maktaba, na bado aliliandika apendavyo, kwa kazi zake mwenyewe. Toleo la pili lilikuwa la jamii. Watu wengi walilichukua lile la kwanza wakalisafisha, wakaliandikia maelekezo, na yeyote aliweza kutia mkono. Majina ya matoleo hayo yalifanana kama mapacha.

"Ukisoma maelekezo ya hili halafu ukasakinisha lile, utaona maandishi mekundu mpaka ujute," alisema mwalimu.

"Na lililo sahihi ni lipi, mwanangu?"

"Inategemea kazi, mama."

Jumanne ile, baada ya kuomba, mchoraji alichagua toleo la jamii. Neno lenyewe lilimtuliza moyo. Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akagonga herufi mojamoja kwa kidole kimoja, akisita kila mara kuhakiki. Maandishi yakateremka kwa kasi. Hakuna jekundu hata moja. Akasema asante kwa sauti, na mhasibu akamjibu karibu.

Kisha akachora. Alichora tangi kubwa juu ya kilima, bomba kuu linaloshuka, na njia panda ambapo maji hugawanyika kwenda Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini. Kwenye njia panda hiyo kulikuwa na koki kubwa ya chuma. Koki ile ilikuwa imefungwa tangu kiangazi kianze, ili maji ya Mtaa wa Juu yawe na nguvu ya kupanda ghorofani. Watu wa Mtaa wa Chini waliambiwa kuna matengenezo. Idara nzima ilijua hakuna matengenezo.

"Koki ichore wazi," meneja alikuwa amemwambia.

"Lakini imefungwa."

"Najua imefungwa, mama, mimi ndiye niliyeagiza. Hii ni picha tu."

Meneja aliishi Mtaa wa Juu. Mhasibu pia. Na mchoraji naye aliishi huko huko, katika nyumba yenye bafu la kuogea umesimama. Akaichora koki wazi huku akijiambia maneno yale yale, kwamba ni picha tu.

Alipobonyeza, mstari wa buluu ulitoka kwenye tangi, ukashuka kilima, ukapita kwenye koki, ukafika Mtaa wa Chini. Na kwa kuwa katika picha ulikuwa umefika, maji yakatoka. Yalitoka kwenye ukingo wa chini wa kioo cha kompyuta, kwanza matone, halafu mkondo mnene kama kidole gumba, yakatiririka mezani na kushukia viatu vya mhasibu.

Mhasibu aliinua miguu. "Mama, unavuja."

"Si mimi, ni ramani."

Mhasibu akakinga kikombe chake cha chai. Mfagizi akaleta ndoo ya kudekia, ilipojaa akaleta nyingine. Fundi wa kompyuta aliitwa, akachovya kidole, akaonja.

"Ya kwetu haya. Yana dawa," alisema. "Toleo la jamii linavuja. Limepita mikono mingi, kila mtu ameongeza chake, na hakuna aliyelifundisha kukoma." Alizipandisha nyaya za umeme juu ya kiti ili zisilowe, akarudi kwenye chai yake.

Kesho yake mtandao ulikatika, fundi akashinda amepiga magoti chini ya meza. "Wifi imerudi!" alitangaza. Alimaanisha mtandao, lakini mlangoni alikuwa amesimama wifi wa mchoraji, dada wa mume wake, na ndoo mbili. Huyu alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa Mtaa wa Chini.

"Wifi, nasikia kwenu maji yanatoka."

"Yanatoka."

"Basi nipishe nikinge. Jana mteja wangu ametoka na dawa ya nywele kichwani, kaenda kuoshwa kwa shemeji yake. Saluni gani hiyo, jamani? Nasuka huku, wanaosha kule!" Akaweka ndoo chini ya mkondo, akakunja mikono. "Na wewe ulivyo msiri! Umekaa umenyamaza kama umemeza bisibisi, kumbe unayo."

"Ni toleo jipya, wifi. Nimelisakinisha jana."

"Mungu alibariki."

"Amina," alisema mchoraji.

Kufikia adhuhuri foleni ilishuka ngazi hadi getini. Mlinzi aliipanga, wazee na wajawazito mbele, wengine nyuma, na mwenye mapipa asubiri. Watu walivua viatu mlangoni wasichafue sakafu ya ofisi. Kila aliyejaza alimshukuru mchoraji, Mungu akuzidishie mama, Mungu akutunze mama, naye aliitikia amina kwa sauti iliyozidi kushuka, mpaka mwishowe akawa anatikisa kichwa tu. Hakuna aliyemuuliza maji hayo yalikuwa wapi siku zote. Angeulizwa angepata nafuu.

Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe amesimama bafuni na taulo kiunoni.

"Bomba limekohoa asubuhi, halafu kimya," alisema mumewe. "Hapa maji hayajawahi kukatika. Hebu waulize watu wako."

Hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Tangi lilikuwa moja na maji yalikuwa yale yale. Alipiga magoti kando ya kitanda kama kawaida yake, akaanza na shukrani, akafika kwenye mahitaji, na ndipo alipojisikia akiomba bomba la nyumbani kwake lifunguke. Akanyamaza katikati ya sentensi. Alikaa hivyo, viwiko juu ya godoro, bila kujua aimalizie vipi.

Alhamisi meneja aliingia chumba cha ramani akiwa na povu lililokaukia nyuma ya sikio. Alisubiri mzee mmoja ajaze dumu lake, akaitikia salamu yake, kisha akasema kwa upole, "Toleo hili si sahihi."

"Meneja, watu wanateka."

"Naona. Nimepishana nao kwenye ngazi, wamenisalimia kwa heshima zote. Lakini Mtaa wa Juu haujaoga, mama. Kesho wageni watakaa mle ukumbini, na mimi nitanukia kama beberu." Mhasibu alicheka, kisha akaacha. "Tafuta toleo lililo sahihi. Wewe mwenyewe unakaa mtaa gani?"

"Wa Juu."

"Basi tunaelewana."

Jioni ile mchoraji alibaki darasani wenzake walipotoka. Mwalimu alikuwa akifuta ubao.

"Mwanangu, ulisema lililo sahihi linategemea kazi."

"Ndiyo, mama. Kazi yako ni ipi?"

Alitafuta namna ya kulisema ambayo isingemuumbua, akaikosa. "Nataka maji yaonekane yanafika. Ila yasifike."

Mwalimu aliendelea kufuta ubao mahali palipokuwa pamekwisha kufutika. "Hapo ni la mwanzilishi," alisema. "Lile hufanya anachotaka aliyeliandika, basi. Ondoa la jamii kwanza. Mawili hayakai pamoja, yatagombana." Hakumwita mama mara hiyo. Mchoraji aliligundua hilo akiwa njiani.

Ijumaa alifika ofisini mapema, na bado foleni ilikuwa imemtangulia. Wifi alikuwa wa kwanza, nyuma yake mzee wa dumu. Mchoraji aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani akaomba kitu kiharibike. Aliomba kompyuta isiwake. Ikawaka upesi kuliko siku zote.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni na shati lililopigwa pasi. Mchoraji aliandika amri ya kuondoa, herufi moja baada ya nyingine. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika.

Maji yalikuwa bado yakitiririka. Ndoo ya wifi ilikuwa imefika nusu. Mchoraji akaondoa kidole.

"Jaza kwanza, wifi," alinong'ona.

Wifi alimtazama, akatazama kioo, akamtazama meneja. Ndoo ilipofika ukingoni, mchoraji akabonyeza kwamba ana hakika. Mkondo ukawa mwembamba kama uzi, ukawa matone, ukakoma. Mzee alikuwa amekwisha kuliweka dumu lake mezani, mdomo wa dumu ukielekea kioo.

"Yamekatika?" aliuliza mzee.

"Yamekatwa, baba," alisema wifi. Aliinua ndoo yake na kulimiminia lile dumu mpaka ndoo ikabaki nusu. Kisha akamgeukia mchoraji. "Mimi umenijazia ili nisiseme?"

"Wifi, sikuwa na nia hiyo."

"Ulikuwa na ipi?"

Simu ya mchoraji iliita. Aliipokea ili tu apate pa kuangalia. Alikuwa mumewe, na mumewe hakuwahi kuzungumza kwenye simu ila kwa kupiga kelele.

"Mke wangu, yamerudi! Yamerudi yote! Sikiliza!" Akaielekeza simu kwenye bomba. Mvumo wa maji ukajaa chumba cha ramani, maji mengi, yenye nguvu ya kupanda ghorofani, yakigonga sakafu ya bafu. Foleni nzima ilisikiliza. Hata wale wa kwenye ngazi waliacha kuzungumza. Mchoraji alitafuta kitufe cha kukata na vidole vyake havikukiona.

"Bafu zuri," alisema wifi. "Kaka yangu anaoga vizuri." Akabeba nusu ndoo yake, akashuka.

Toleo la mwanzilishi lilisakinika bila shida. Maandishi mekundu yalitokea mara moja, kwa sababu alikuwa ameandika kwa mtindo wa lile jingine. Akasoma maelekezo, akarekebisha mistari mitatu, mekundu yakaisha. Akabonyeza. Mstari wa buluu ulishuka kilima, ukapita kwenye koki, ukafika Mtaa wa Chini na kumeremeta. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa kioo. Palikuwa pakavu, penye vumbi kidogo.

Wageni walikuja mchana. Ukumbi ulijaa, Idara mbele, na nyuma wakaketi watu wa Mtaa wa Chini walioalikwa ili wageni waone wananchi. Ramani ilioneshwa ukutani, kubwa kama nyumba. Maji ya buluu yaliteremka na kuingia kila kibanda kilichochorwa, na wageni wakapiga makofi. Watu wa nyuma walitazama nyumba zao zikijaa. Mmoja alimwonesha jirani yake ya kwake ilipo.

Kiongozi wa wageni, mama mmoja mwenye miwani, aliipongeza kazi ile, akaongeza kuwa amepata habari za maji kuvuja ofisini, sakafu kulowa, na umma kuingia chumba cha nyaya za umeme. Mitambo ni ghali, alisema, hawawezi kuipeleka mahali panapovuja. Angependa kumsikia mhusika mwenyewe, mbele ya wote.

Meneja akamwita. Mchoraji akasimama. Alijua bila kugeuka ni kiti kipi cha nyuma alichokalia wifi. Alifikiri angesema kwa kunong'ona, lakini ukumbi ulikuwa kimya, na sauti pekee aliyokuwa nayo ya kusimamia mbele za watu ilikuwa ile ya kutolea ushuhuda kanisani. Ikatoka hiyo, safi, ikafika hadi ukuta wa mwisho.

"Naahidi," alisema, "mbele za Mungu na mbele yenu nyote mlioko hapa, kwamba maji hayatatoka tena."