Mwokaji Aliyechimba Jina Lake

Kwa miaka thelathini na moja nilinyoa watu wa Skelby, mji mdogo wa Uingereza, huku nikitazamana na duka la mikate la Clement Baxter. Juu ya mlango wake paliandikwa "Baxter na Wana", ingawa wana wa mwisho walikuwa Clement mwenyewe na marehemu ndugu yake. Clement alijaliwa mtoto mmoja tu, Thelma, na mwaka ninaousimulia Thelma alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hajaolewa, na hakuna mkate uliouzwa mjini ambao haukupita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyewasha tanuri, akakanda, akaoka. Baba yake alisimama kaunta amevaa tai, akipokea sifa.

Mwaka huo duka lilikuwa linatimiza miaka mia moja na hamsini, na Clement, aliyekuwa na sitini na tisa na nyonga mbovu, aliamua kustaafu. Duka angemwachia Rodney, mtoto wa ndugu yake, kijana wa kuuza bima kule Leeds ambaye akinusa unga anapiga chafya mpaka macho yanamtoka.

"Na Thelma je?" nilimuuliza siku moja nikimkata nywele.

"Thelma atabaki tanurini. Nani amemfukuza?" alisema. "Lakini jina, bwana, jina ni la wanaume. Baxter ni jina la mashujaa. Huwezi kumpa mwanamke ukamwambia alibebe."

Hakujua mashujaa hao walikuwa kina nani, ila alikuwa na hakika kwamba walikuwepo. Ndiyo maana alimwendea Bi Crake, mkutubi wetu mstaafu, mtu wa kukaa na makamusi makubwa kama matofali, akamwomba amwandikie historia ya jina la Baxter. Alitaka kuichapisha kwenye kipeperushi na kuitia katika kila mfuko wa mkate, wiki moja kabla ya sherehe.

Bi Crake aliandika. Alimletea karatasi ndani ya bahasha, na Clement akaipeleka kwa mchapaji bila kuifungua.

Jumamosi asubuhi alivitia vipeperushi mifukoni kwa mkono wake, mia tatu vyote, huku akimwambia kila mteja, "Ukifika nyumbani usome, umjue anayekulisha." Saa nne akavuka barabara kuja kunyolewa ndevu, kama ilivyokuwa ada yake.

Nilikuwa nimekwisha kumpaka sabuni na kunyoa shavu moja, Norman Tuke akaingia. Norman ni tarishi. Kila kinachoandikwa Skelby kinapita kwake. Alikuwa na mkate kwapani na kipeperushi mkononi.

"Clement, hii umeisoma?"

"Nisome nini na mimi ndiye niliyeichapisha?"

"Basi nikusomee." Norman alikohoa kidogo. "'Jina Baxter ni la kale sana. Maana yake ni mwanamke mwokaji mikate.'"

Wembe wangu ulikuwa hewani, nikauacha hukohuko.

"Rudia," Clement alisema.

"Mwanamke mwokaji mikate."

"Hapo Bi Crake amekosea herufi."

"Atakuwa amekosea mara nne, maana limeandikwa mara nne." Norman alinigeukia. "Na wewe usicheke, Webster. Umo humu. Wewe ni mwanamke mfumaji wa nguo."

Nikasema sawa, mradi wembe haujali. Clement hakunisikia. Alisimama na kitambaa changu shingoni, nusu ya uso imenyolewa na nusu ina povu, akatoka nje kwa mwendo ambao nyonga yake haikuwa imeuona kwa miaka mingi. Nikamfuata, kwanza kwa sababu kitambaa kilikuwa changu, na pili kwa sababu nisingekubali kulikosa tukio hilo.

Bi Crake alikuwa bustanini akipogoa waridi.

"Bi Crake, umenidhalilisha mbele ya mji mzima."

"Habari za asubuhi, Bwana Baxter. Juu ya bahasha niliandika, 'Tafadhali soma kabla ya kuchapisha.'"

"Nilikuagiza mashujaa. Watu waliokuja na Mfalme William kuiteka nchi, kwa mashua na mapanga."

"Huenda walikuja. Walipoona njaa walikwenda kununua mkate kwa Baxter." Aliweka mkasi chini. "Kile kipande cha mwisho wa jina lako, '-ster' ya zamani, kilikuwa alama ya kazi ya mwanamke. Huyu Bwana Webster anacho pia. Hata lile neno ninaloitwa mimi kwa kuwa sikuolewa, 'spinster', lilikuwa kazi, maana yake mwanamke msokota nyuzi. Naitwa hivyo miaka yote na sijawahi kushika sufu."

"Basi mwanamume mwokaji aliitwaje?"

"Baker."

Yuko Baker mwenye duka la mikate pale Thorley, maili sita kutoka kwetu, na Clement alikuwa hajamsalimu tangu vita viishe.

"Na sisi wanaume tuliingilia wapi?" aliuliza hatimaye, sauti imeshuka.

"Kazi ilipoanza kuleta heshima, mliingia. Jina mlilikuta limening'inia mlangoni, mkalivaa." Bi Crake alimtazama lile shavu lenye povu, nadhani akamhurumia. "Geuza ukurasa, Bwana Baxter. Hata neno tunalomwita bwana mkubwa mwenye kasri, 'lord', zamani lilikuwa na maana ya mlinzi wa mkate. Na neno la mkewe, 'lady', ni mkandaji wa unga. Nchi hii yote ilianzia jikoni."

Clement alirudi kwangu, akaketi, nikamalizia shavu la pili.

Jumapili Rodney alikuja kutoka Leeds na mchumba wake. Kipeperushi kilikuwa kimemfikia, na alikuwa na jibu tayari.

"Baba Mkubwa, mimi siwezi kusimama chini ya jina la kike, wenzangu kazini watanimaliza. Lakini msiwe na wasiwasi. Tubadilishe. Tuliite 'Kwa Rodney'. Tutauza keki ndogondogo za Kifaransa, na mikate tutaagiza kiwandani."

Kwa maelezo ya Thelma, aliyekuwa akimimina chai, baba yake alimaliza kwanza kikombe kizima. Kisha akamwambia Rodney kwamba treni ya saa kumi huwa haijai. Clement angeweza kuvumilia jina la mwanamke, angeweza pengine kuvumilia hata mwanamke, lakini kufuta Baxter pale mlangoni ilikuwa sawa na kumfukua babu yake.

Jumatatu akaingia chumba cha tanuri, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu majira ya baridi. Thelma alikuwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Duka ni lako," alimwambia. "Nimefikiri sana. Jina lenyewe linataka mwanamke, na mimi si mtu wa kuvunja mila."

Miaka ishirini na mitano Thelma alikuwa akisubiri maneno matatu ya kwanza. Haya mengine hakuyategemea. Aliniambia baadaye kwamba kama baba yake angesema, "Duka ni lako kwa sababu unajua kuoka," angelia na kumkumbatia palepale. Badala yake alinawa mikono.

"Nitafikiri, Baba," alisema. "Nahitaji siku chache."

"Fikiri tu. Utafikiria hapahapa ukikanda."

"Nitafikiria Whitby."

Akapanda basi la mchana na sanduku dogo, akaenda zake baharini. Ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu amalize shule. Kule Whitby, asubuhi ya kwanza aliamka saa mbili, akaletewa kifungua kinywa na mkate uliookwa na mtu mwingine, machozi yakamtoka mbele ya yai. Mwenye nyumba ya wageni akadhani amefiwa.

Skelby nako kulikuwa na kilio cha aina yake. Clement aliapa kuoka mwenyewe. Jumanne mikate ilitoka imelala kama kofia zilizokaliwa. Jumatano ilifura vizuri, lakini alikuwa amesahau chumvi. Alhamisi hakuna aliyejua alisahau nini, na mke wangu alitumia wetu kuzuia mlango wa banda. Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, lori dogo lilisimama nyuma ya ukumbi wa kanisa na kushusha trei kumi na mbili za mikate na skonzi. Lilikuwa limeandikwa "Baker, Thorley". Clement alitia saini bila kumtazama dereva.

Jumamosi tulikuwa tumeketi ukumbini, chai imemiminwa, Thelma akaingia. Jua la Whitby lilikuwa limemchubua pua. Alichukua skonzi, akaimega, akaionja, akairudisha sahanini, kisha akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Nilikuwa meza ya jirani, nikasikia yote.

"Nimefikiri. Nakubali, lakini tuandikiane kwa wakili. Kila Jumatatu tutafunga. Na chumba cha tanuri hutaingia bila kubisha hodi."

"Na kaunta?"

"Kaunta ni yako, Baba. Unaifaa."

Clement alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa hukumu na kuiona ni ndogo kuliko aliyoiogopa. Halafu akashika kipeperushi, akapanda jukwaani.

"Majirani," alisema, "nyumba ya Baxter imekuwa ya wanawake tangu zamani za kale, kama nilivyowaambia daima. Leo naikabidhi kwa binti yangu, kwa kufuata desturi. Mimi nimekuwa mlinzi wa mkate tu." Akageuza ukurasa. "Na mlinzi wa mkate, kwa wasiojua asili ya maneno, ndiye bwana mkubwa."

Watu walipiga makofi. Thelma naye alipiga, akitazama dari.

Mambo yalikwenda hivyo. Mikate ikawa mizuri kuliko mwanzo, kwa kuwa mwokaji alikuwa analala Jumatatu nzima. Rodney bado anauza bima, na kila Krismasi hutuma kadi. Clement ndiye aliyebadilika kupita wote. Hakuna aliyeweza kununua hata andazi bila kuulizwa jina la ukoo wake na kufafanuliwa babu zake walitengeneza nini, mapipa, mishale au hatamu za farasi, na pale asipojua, alibuni. Wageni wa kiangazi walimpenda sana. Bi Crake alijaribu kumsahihisha mara mbili, akiwa na kamusi chini ya mkono, na mara zote mbili alitoka dukani baada ya nusu saa, akiwa amefundishwa. Siku hizi humtuma Norman Tuke amnunulie.