Kipande cha Saba

1.
TANGAZO
Imebainika kuwa vishikwambi vya maktaba vinatumika kupakua vitabu mtandaoni kinyume cha utaratibu. Atakayebainika atavuliwa cheo. Asiye na cheo atatafutiwa adhabu inayomfaa.
— Mwl. Rweyongeza, Mkutubi

2.
Bupe alilisoma mara tatu, mara ya mwisho akiwa ameshika gundi, maana yeye ndiye aliyetumwa kulibandika.

Kiranja wa maktaba.

Cheo anacho.

3.
Faili la riwaya alilopakua limo kishikwambini tangu Jumanne. Hajalifungua.

4.
Msomaji, usimhukumu kabla hujaijua desturi ya Bweni la Tatu. Riwaya ikiingia humo haisomwi nzima. Inakatwa kwa wembe vipande saba, kimoja kwa kila kitanda, na kila Jumapili vipande vinasogea kitanda kimoja. Wapo waliomaliza riwaya kwa kuzaliwa kwa shujaa.

Hii ilikuwa ya Bupe mwenyewe, jina lake liko ukurasa wa kwanza. Mwenye kitabu hupewa heshima ya kuanza mwanzo. Kwa hiyo mwisho humfikia mwisho.

Haukumfikia. Mwenzao mmoja, Sikudhani, alihamia Tabora na kipande cha saba ndani ya begi.

5.
MAHAKAMA YA BWENI. Kikao cha dharura, kitandani kwa Nyamizi.

NYAMIZI (mwendesha mashtaka): Umeiba.
BUPE: Naibaje kitabu changu?
NYAMIZI: Chako ni karatasi, shoga. Maneno ni ya mwandishi.
BUPE: Na wewe uliyesoma maneno yake kwenye karatasi zangu?



HAKIMU (anatafuna karanga): Swali hilo lifutwe. Linatugusa wote.

6.
Sababu za kulifungua: kitabu alishakinunua. Hamnyimi mtu kitu. Anataka kujua kama yule mama wa riwayani alirudi nyumbani, jamani, miezi miwili sasa!

Sababu za kutolifungua: aliyelipachika mtandaoni hakumwomba mtu ruhusa. Na Ijumaa mwandishi anakuja shuleni, na wa kumkaribisha ni

7.
Bupe.

Alikuwa ameandaa hotuba fupi ya makaribisho. Ijumaa, maktabani, ilitoka hivi:

"Shikamoo, mama. Nimekuibia. Au sijakuibia. Sijui."

Mwalimu Rweyongeza alikohoa kwa niaba ya shule.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwanakombo, mwandishi, mfupi, miwani yake imefungwa uzi. Akatazama vile vipande sita mezani. Kimoja kilikuwa na doa la maharage. "Nani kamchinja huyu?"

"Bweni la Tatu, mama."

"Mmekisoma wangapi?"

"Bweni zima. Halafu Bweni la Pili. Halafu wapishi waka—"

"Inatosha." Bi Mwanakombo alicheka mpaka akavua miwani. "Na ulichoniibia?"

"Faili la kitabu kizima, mama. Sijalisoma. Nilikuwa nakungoja wewe."

8.
Mwandishi hakucheka tena. Alikiwasha kishikwambi kilichokuwa mezani, akamsogezea.

"Kulifuta au kuliacha, hilo ni lako na usingizi wako. Lakini mwisho ninao hapa kichwani. Unautaka utoke wapi?"

Dirishani palikuwa na vichwa. Bupe alivihesabu: Bweni la Tatu, wote, na mpishi mmoja.

Akakizima kishikwambi. Akakaa.

"Sema kwa sauti, mama. Tuko wengi."

Mwalimu Rweyongeza alitazama tangazo ukutani, akamtazama kiranja wake. Kisha naye akavuta kiti.

"Haya," alisema Bi Mwanakombo. "Yule mama alipofika mlangoni,