Zamu ya Vuli

Kila alasiri Mzee Soud hujaza chai ya maziwa kwenye chupa, akatia vikombe viwili mfukoni, akatoka. Nyuma ya Edgware Road, huku ughaibuni, pana kiwanja chenye sanamu nne za wanawake wa marumaru, nakala za zile zinazouzunguka uwanja wa mji mmoja wa kale huko Italia. Kila mmoja ni msimu. Soud aliwapa majina ya misimu ya kwao Unguja: Kaskazi, Masika, Kusi na Vuli. Anayekaa naye ni Vuli, aliyepakata zabibu. Akifika, Vuli humsogezea nafasi, akapokea kikombe.

Nyumbani Soud husema "naam" na "chumvi imezidi." Basi.

"Mama Afra, shoga yangu, mumeo kaposa jiwe," Nusra, jirani, alimwambia Jokha, mke wa Soud. "Na linamchekea, meno meupeee."

Jokha hakuumizwa na jiwe. Aliumizwa na maneno. Yeye miaka yote kaambulia chumvi. Mwenzake anapewa nini?

Asubuhi akachukua doti mpya ya kanga, imeandikwa CHANGU NI CHANGU, WEWE MPITA NJIA. Kipande kimoja akajifunga, cha pili akamfunga Vuli kifuani, aone haya. Hasira zikamsahaulisha linalojulikana na kila mwanamke wa Unguja: mkigawana doti, mmeshakuwa ndugu.

"Ahsante, dada," Vuli akasema, akishuka. "Miguu imekufa ganzi. Nishikie zamu."

"Na chakula cha mume wangu?"

"Pishi lako nalijua lote. Kila siku analisifu."

Akamwachia zabibu, akaenda kituo cha basi. Jokha akapanda pale alipokuwa Vuli. Alitaka kusikia.

Soud akaja, akamimina chai, akasema kanga imemkaa. Kisha akamzungumzia mtoto wao wa kwanza, aliyezikwa Pemba, ambaye mume na mke hawajapata kumtaja. Bado humwota. Mtoto keshaota ndevu.

"Ningemwambia Mama Afra," akasema, "lakini yule atanijibu."

Jokha alikuwa nalo jibu, la siku nyingi. Akalimeza, asije mume akanyamaza.

Soud akafunga chupa. "Ngoja niende. Mama Afra keshapakua, hapendi nichelewe."

Jokha akamsindikiza kwa macho mpaka kwenye basi, akimwonea wivu huyo Mama Afra.