Utepe wa Kumi na Mbili

Zilibaki dakika arobaini roketi irushwe, na Chalapathi, fundi wa pini za usalama, hakuweza kuondoa macho kwenye ubao wa tepe.

Usalama wote ulitegemea ubao ule. Kila pini ya usalama iliyochomolewa kwenye roketi hutoka na utepe wake mwekundu, nao hutundikwa ubaoni. Tepe kumi na mbili zikitimia, roketi iko huru kuruka. Mkaguzi alikwisha kuzihesabu kumi na mbili, akatia sahihi.

Lakini utepe mmoja haukutoka kwenye roketi. Ulitoka kwenye hekalu la Tirupati. Wiki iliyopita, wakubwa walipopeleka kiroketi cha mfano kibarikiwe miguuni pa Mungu, Chalapathi alifungua utepe wa pini aliyokabidhiwa yeye, pini ya hatua ya tatu ya roketi, akauweka kando ya kiroketi hicho. Asubuhi hii aliona vibaya kutia mfukoni kitu kilichobarikiwa. Akautundika ubaoni, akisema pini ataichomoa baadaye. Kisha akaitwa chini kushika mtungi wa gesi, na pini ikamponyoka akilini, ikabaki ndani, hatua ile isiweze kuwaka. Jamani, uchaji nao una mitego yake!

Roketi mbili za aina ile zilikwisha kuzama Ghuba ya Bengal. Hii ya tatu ikizama, waliokuwa wakisema nchi maskini iache ndoto wangepata la kusema. Na yeye? Angefukuzwa, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Alitamani mtu mwingine agundue kosa hilo.

Hakuna aliyegundua. Mficha uchi hazai. Akamwendea mkuu wa urushaji, Bi Hymavathi, akamweleza yote huku ameinamisha kichwa.

Bi Hymavathi alisimamisha hesabu ya kurusha. Akauliza nani atapanda, roketi ikiwa imeshajazwa mafuta.

"Mimi, Madamu. Najua ilipo."

"Ukikosea, hatutapata hata kiatu chako."

"Najua, Madamu."

Alipanda ngazi, jasho likimwingia machoni. Akapenyeza mkono kwenye kidirisha, akapapasa. Chuma baridi. Ilikuwepo! Akaivuta taratibu, akiomba kwa jina la mama yake.

Chini, Bi Hymavathi aliipokea pini. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Na kitambulisho."

Chalapathi akakivua mwenyewe shingoni. Ngurumo ya roketi ilimkuta nje ya geti, kituoni akisubiri basi la kwenda mji wa Sullurpeta. Aliitazama roketi mpaka ikapotea mawinguni, haikuyumba hata kidogo. Hofu ikamtoka, na nafasi yake ikaingia aibu.