Mwavuli Ukiingia Baharini

Kila asubuhi, kabla wageni hawajamaliza kunyoosha migongo iliyokakamaa kwa safari ya basi, Enora Le Gallic, mwongozaji wa watalii, huwapa mzaha wake uleule. Huuinua mwavuli mwekundu juu ya kichwa, umefunguliwa hata kama jua linawaka, na kusema:

"Uso wangu mtausahau, na nyuso zenu nitazisahau kabla kahawa haijapoa. Tusichokisahau ni mwavuli. Ukiwa juu, ufuateni. Ukilala chini, kaeni mpumzishe magoti. Ukiingia kanisani, ingieni. Ukiingia baharini..." hapo hunyamaza kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi, "...ingieni vilevile. Nitawaeleza historia ya samaki."

Wageni hucheka. Waliocheka siku ile ya Oktoba walikuwa wastaafu wa vijiji vya karibu na Laval, waliokuja kuuona mji wa pwani wa Saint-Malo, Ufaransa, mwanzo hadi mwisho, kwa siku moja. Wote walicheka isipokuwa mama mmoja wa koti la bluu aliyetikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi anayekariri somo.

"Ukiingia baharini, ingieni," akarudia kwa sauti ndogo.

Mumewe akamvuta Enora kando. Alikuwa mzee Aubin, mwoka mikate wa zamani, viganja vyake vipana kama sinia.

"Binti, yule mke wangu Solange. Kichwa chake siku hizi ni chujio. Leo asubuhi kaniuliza mimi dereva wa wapi." Alicheka, lakini macho hayakucheka naye. "Ila kitu kimoja akikishika, hakiachii. Leo kaushika mwavuli wako. Nakuomba, usiuchezee."

"Mzee wangu, huu ni mkono wangu wa tatu."

"Basi usikatike."

Ilikuwa siku ya bamvua. Siku kama hizo bahari ya Saint-Malo hujivuta mbali hadi ukadhani imehama mtaa, ikaacha mchanga, miamba na mwani unaonuka; kisha hurudi kama mwenye nyumba aliyesikia wapangaji wanafanya karamu. Watoto wa pale hufundishwa saa za maji kabla ya sala. Enora naye alizijua. Alipotupa jicho juu ya ukuta wa mji asubuhi ile, bahari ilikuwa mstari mwembamba wa kijivu kule mbali, umetulia mno, na yeye hakupenda ulivyotulia.

Wakazunguka juu ya ukuta, upepo ukiwapekua mifukoni. Ndege shakwe akamnyang'anya mzee mmoja andazi mkononi, wenzake wakampigia makofi shakwe. Wakaingia kanisani, wakatoka. Muda wote Bi Solange alikuwa mbele, hatua moja nyuma ya Enora, macho juu. Enora akagundua jambo. Akiulaza mwavuli kushoto, kichwa cha mama yule kinalala kushoto. Akiulaza kulia, kinalala kulia. Akajaribu tena makusudi, kwa utundu tu, na palepale moyo ukamsuta. Ilikuwa kama kubisha mlango wa nyumba tupu kwa mzaha, kisha ukasikia mtu ndani akiitika.

"Unaitwa nani, mama?" akamuuliza.

"Mimi niko na kundi," Bi Solange akajibu.

Chakula cha mchana ndicho kilichoharibu mambo. Galette, zile chapati za unga mweusi, ziliisha upesi, lakini sida, pombe ya tofaa, haikuisha, kwa sababu Bi Josiane, mwenyekiti wa chama chao, kila mara aliona bilauri moja ya kuaga. Nywele za Bi Josiane zilikuwa zimetengenezwa saluni jana yake, zikasimama kama keki ya arusi. Walipofika ufukweni chini ya ukuta, bahari ilikuwa imekwisha kugeuka.

Mbele yao palikuwa na Grand Bé, kisiwa kidogo cha mawe na majani, chenye kaburi la mtu aliyetaka alale akisikia upepo na mawimbi tu. Maji yakipwa, njia ya mawe hujitokeza kutoka ufukweni hadi kisiwani, nawe unavuka kwa viatu vyako vya kanisani. Maji yakijaa, njia huzikwa, na anayekutwa upande wa pili hubaki na marehemu.

"Hatuvuki," Enora akasema.

"Hatuvuki vipi? Njia si hiyo kavu?" Bi Josiane akaja juu. "Karatasi yenu inasema mji mzima kwa siku moja. Kisiwa si mji?"

"Kavu kwa sasa, Bi Josiane. Ukienda utarudi ukiogelea, na hizo nywele."

Watu wakaangua kicheko. Bi Josiane hakucheka. "Nionyeshe palipoandikwa."

Ubao wa saa za maji ulikuwa juu kidogo, kwenye mteremko wa kuingilia ufukweni. Enora akaufunga mwavuli, akaulaza juu ya mchanga, akaacha na mkoba wake hapo hapo. "Mwavuli umelala. Pumzikeni," akasema. Bi Solange akaketi mara moja kando yake, mikono magotini. Mzee Aubin alikuwa amekwenda msalani. Sida nayo hudai haki yake.

Enora alifika kwenye ubao kabla hajagundua kwamba anautazama peke yake. Bi Josiane alikuwa amebaki nyuma. Manyunyu yalikuwa yameanza, na mwenyekiti akazifikiria nywele zake. Akauokota mwavuli, akaufungua.

Upepo ulikuwa kama unausubiri. Ulimpokonya mwavuli kwa mkupuo mmoja, ukaubingirisha mchangani, ukaupandisha kwenye njia ya mawe. Wazee wakacheka, wakashangilia kama wako kwenye mbio za farasi. Bi Solange akasimama, akapangusa mchanga kwenye koti lake la bluu, akaufuata.

"Mwacheni, anatuletea!" mmoja akapiga kelele.

Hakuwa anauleta. Alikuwa anaufuata. Hakukimbia; alitembea mwendo wa mtalii, kwa adabu, na kila mwavuli uliponasa kwenye jiwe alisimama naye akangoja, na ulipoendelea akaendelea. Pande zote mbili za njia maji yalikuwa yanakuja bila povu wala sauti.

Enora aliona yote kutoka kwenye mteremko. Akakimbia. Akapita katikati ya wazee bila kusema, na vicheko vikakatika nyuma yake kimoja kimoja.

Mwanzoni mwa njia mawe yalikuwa makavu. Katikati maji yalimshika vifundo vya miguu, baridi iliyouma kama meno. Mbele zaidi yalimfika magotini, yakimsukuma upande, na mawe yakawa yanateleza kwa mwani. "Bi Solange!" akaita. "Bi Solange, rudi!" Koti la bluu halikugeuka. Alikuwa anaita kwa jina, na jina halikuwa na kazi tena pale.

Alimkuta chini ya kisiwa. Mwavuli ulikuwa umenasa kati ya miamba, wazi, kijiti kimoja kimevunjika, na Bi Solange amesimama nyuma yake, amelowa hadi magotini, anangoja.

"Umechelewa," akamwambia Enora. "Kundi liko wapi?"

Enora akageuka. Njia haikuwepo. Palikuwa na maji tu, ya kijivu, yanapita kwa haraka kama watu wanaowahi soko.

Akaung'oa mwavuli, akauinua. "Kundi liko juu, mama. Twende." Na Bi Solange akapanda mwamba nyuma yake bila kuuliza, meno yakigongana, kama mwanakondoo anayefuata kengele.

Kule ng'ambo mtu alikuwa amepiga simu. Enora aliona watu wakinyoosha mikono kuelekea bandarini. Boti ya waokoaji ingekuja. Kazi yake ilikuwa moja tu: mama huyu asishuke majini kabla haijafika. Akamketisha penye nyasi, akamvika jaketi lake, akasimama na mwavuli juu. Kwa muda kidogo akaona kama mambo yametulia.

Ndipo mzee Aubin alipotokea ufukweni.

Alikuwa amepata habari mbaya na wazo zuri, na wazo lile lilikuwa baya kuliko habari. Juu ya ukuta alipita Loïg, mwongozaji mwenzake Enora, na kundi lake. Kampuni yao ilinunua miavuli yote ya rangi moja. Mzee akauomba wa Loïg, akashuka nao hadi maji yalipoanzia, akauinua juu kabisa ili mkewe ajue kwamba hajaachwa.

Bi Solange akauona. Akasimama.

"Ule pale," akasema kwa furaha. "Tunaondoka."

"Hapana, mama, mwavuli ni huu."

Akautazama wa Enora uliovunjika kijiti, akautazama ule mzima wa ng'ambo. Akaanza kushuka.

Enora akamshika mkono. Akampungia mzee kwa mkono mwingine: teremsha, teremsha! Mzee akaona anapungiwa, akafurahi, akapunga mwavuli kwa nguvu zaidi. Kila Enora alipozidi kupunga, mwekundu ule ulizidi kucheza, na mkono wa Bi Solange ulizidi kuvuta, nao haukuwa mkono wa mgonjwa. Ulikuwa umekanda unga miaka mingi kando ya mumewe.

"Niachie, dada. Nitaachwa na gari."

Enora akafanya alichoweza. Akamvuta nyuma, wakaketi wote wawili, akauweka mwavuli mbele yao kama ukuta, chini hadi juu, hata mji wote ukafichika. Dunia ya Bi Solange ikawa nyekundu tupu. Akatulia.

"Sasa tunaona nini?" akauliza.

"Sasa..." Enora akaushika mwavuli kwa mikono miwili. "Sasa tuko langoni, mama. Hapa mabaharia walipita na mali za watu."

Akaanza upya. Alimtembeza mji mzima nyuma ya kitambaa kile: lango, ukuta, kanisa, mtaa wa wauza samaki, hata shakwe na andazi. Upepo ulikuwa unausukuma mwavuli vifuani mwao, kisha unauvuta, kisha unausukuma, kama kitu kinachopumua upande wa pili. Mkono wake ulikufa ganzi. Chini yao maji yalikuwa yanapanda mwamba kwa mwamba. Alisikia kila mwamba ulivyonyamazishwa.

"Na bahari?" Bi Solange akauliza ghafla. "Ulisema tutaingia."

"Nilitania, mama."

"Hukucheka, lakini."

Kweli, hakuwa amecheka. Huwa hacheki, wanaocheka ni wageni. Enora akauvuta mwavuli karibu zaidi, na nyuma yake wakasikia injini.

Akachungulia pembeni ya mwavuli. Boti ya waokoaji ilikuwa inakuja, sawa. Lakini mbele kabisa, kati ya vijana wawili wa makoti ya rangi ya machungwa, alisimama mzee Aubin. Bila shaka aliwaambia mkewe hatapanda na watu asiowajua. Na ili amjue, alikuwa ameuinua mwavuli.

Upepo ukausukuma wa Enora pembeni kwa kiasi cha kiganja. Kiganja kilitosha. Bi Solange akachomoka. Enora alibaki na jaketi lake mkononi.

"Nakuja!" Bi Solange akaita, na akaingia baharini. Magoti, kiuno. Boti ilikuwa bado mbali, na mbele yake mwamba ulikatika wima; hatua chache zaidi pasingekuwa na kitu cha kukanyaga.

"Teremsha!" Enora akalia. "Mzee, teremsha mwavuli!" Upepo ukayala maneno yote. Mzee akatabasamu, akainua zaidi.

Ndipo Enora akamkumbuka mzee Aubin wa asubuhi. Kuanzia langoni hadi ufukweni, hakukuwa na mgeni mtiifu kuliko yeye: mwavuli ukilala, yeye wa kwanza kuketi, akimwonyesha mkewe namna ya kuketi. Enora akauinua wake juu mara moja ili aonekane. Kisha akaulaza chini, miguuni pake, akaondoa mikono.

Kule kwenye boti tabasamu likakatika. Mzee aliutazama mwavuli uliolala. Akautazama wake. Akaufunga, akauweka chini.

Bi Solange akasimama. Maji yalikuwa chini ya matiti. Akatazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na mwekundu popote. Basi akafanya kama alivyofundishwa. Akaketi.

Aliketi palepale baharini, mikono magotini, na maji yakafunga juu ya kichwa chake taratibu kama blanketi.

Enora alimfikia kwa kumrukia. Alishika nywele, kisha kola ya lile koti, na vijana wa boti wakawashika wote wawili. Bi Solange alitapika maji, akakohoa, akafungua macho juu ya mapaja ya mumewe. Mzee alikuwa analia bila kujificha.

"Wewe ndiye dereva?" Bi Solange akamuuliza.

"Ndiyo," akasema mzee Aubin. "Mimi ndiye dereva, Solange wangu. Twende nyumbani."

Hakuna aliyekumbuka kuuchukua mwavuli. Jioni, wastaafu walipopanda basi, Bi Josiane nywele zimemlala usoni, Enora aliwasindikiza hadi mlangoni. Aliinua mkono mtupu kuwaaga. Basi likapinda kando ya ukuta, mahali ambapo kisiwa huonekana chote.

Upepo ulikuwa umeusimamisha mwavuli tena. Ulikuwa umenasa juu penye nyasi, wazi, mwekundu, ukilala kushoto, ukilala kulia, na bahari imeuzunguka pande zote.

Ndani ya basi, kwenye vioo vyote, Enora aliona vichwa, si cha Bi Solange peke yake, vikilala kushoto, vikilala kulia.

"Dereva!" akapiga kelele, akilikimbilia basi kwa viatu vilivyojaa maji. "Funga mapazia! Dereva, funga mapazia!"