Macho Yanayopishana

Manesi walimwita Pilipili, naye alilijua jina hilo na wala halikumkosesha usingizi. Daktari huyo wa macho alikuwa na subira na wagonjwa na huruma na watoto, lakini alimdharau bila kipimo mtu aliyemletea uongo chumbani mwake. Kwa kawaida aliletewa uongo wa rejareja. Asubuhi hiyo aliletewa wa jumla.

Baba aliingia mbele akinukia marashi, shati limepigwa pasi hadi ungedhani lingesimama bila yeye. Akafuata mama yake mzazi. Nyuma kabisa, kama mzigo uliosahauliwa, alikuja mkewe amempakata mtoto wa miezi minne.

"Pole na kazi, dada daktari," alisema baba. "Macho ya mwanangu hayatulii. Mtaani wananiita Mpole, muulize yeyote. Mtoto huyu namlea kama yai."

"Sijauliza unaitwaje mtaani. Mlete mtoto."

Akamulika. Jicho moja lilipanda huku jingine likishuka, kisha yakabadilishana, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Pilipili alijua kwamba macho huweza kucheza hivyo kwa sababu nyingi. Wengine huzaliwa nayo, wengine wana uvimbe kichwani. Alikuwa mkali, lakini si wa kumhukumu mtu kwa dalili moja.

"Yalianza lini?"

"Baada ya kuanguka kitandani," alijibu baba.

"Amezaliwa nayo!" bibi alidakia papo hapo. "Hata marehemu babu yake alikuwa na makengeza."

Bibi na mwanawe wakatazamana.

"Ndiyo," baba akasema taratibu. "Alizaliwa nayo, halafu akaanguka."

"Ana bidii kweli mtoto huyu," alisema Pilipili. Akamtazama mama wa mtoto, ambaye alikuwa akihesabu vigae vya sakafu. Huyu naye! Ana mdomo wa nini?

Alimtia mtoto dawa ya kufungua mboni, akangoja, akachungulia. Nyuma ya macho yote mawili damu ilikuwa imetapakaa. Hamu ya kejeli ikamwisha. Alimpeleka mtoto akapigwe picha ya kichwa, na picha iliporudi ilionyesha damu mbichi, na chini yake damu ya zamani. Kitanda gani hicho kinachomwangusha mtoto kwa awamu?

Akamwita afisa wa ustawi wa jamii, akawakalisha wote upya. Kisha akakunja blanketi na kumpa baba.

"Mtoto akilia, unambembelezaje? Nionyeshe."

Mpole akalipokea kwa mikono miwili. Akalilaza begani, akalipapasa, akaliimbia kwa sauti ya chini, mwisho akalibusu. Bibi akajifuta machozi. "Mnaona? Mwanangu huyu hata kuku hawezi kumchinja."

Ndipo kikasikika kicheko. Mkewe alikuwa akicheka mabega yakimtetemeka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata chembe.

"Kumbe unajua!" alisema. "Kumbe mikono yako inajua kubembeleza! Mbona nyumbani unamshika mbavu ukamtikisa kama chupa ya dawa, kichwa kinaenda mbele na nyuma mpaka ananyamaza?"

"Funga mdomo!" bibi alifoka. "Ya nyumbani hayatoki nje!"

"Nilishaufunga, mama. Mara ya kwanza uliniambia nifunge, nikafunga. Wewe ukaenda chumbani kwako ukaongeza sauti ya redio."

Baba aliliweka blanketi mezani. "Nilikuwa nimechoka, dada daktari. Mtoto ananidharau."

"Wa miezi minne?"

"Namwambia anyamaze, hanyamazi."

Pilipili alimtazama kama mtu anavyotazama soli ya kiatu baada ya kukanyaga kitu njiani. Alikuwa na maneno tele ya kumpa. Akaona ni hasara kuyatumia kwa mtu mdogo kiasi hicho, akamwachia afisa awapigie polisi.

Polisi walipomchukua Mpole, bibi alitoka nyuma yao akiwaambia wagonjwa wote wa koridoni kwamba mwanawe ameponzwa na mke. Mtaani nako wapo waliokuja kumtetea. Mpole yule? Haiwezekani! Pilipili aliwasikiliza wakiwa wamesimama mlangoni, wala hakuwapa kiti.

Mtoto alilazwa wiki kadhaa. Damu ilipungua kidogokidogo, macho yakatulia, ila la kushoto likabaki dhaifu. Mama yake alihamia kwa dada yake, akawa anamleta kliniki bila kukosa.

Siku moja, mtoto akiwa anaufuata mpira mwekundu kwa jicho moja zima na jingine la kusuasua, mama akauliza, "Daktari, siku ile ulinidharau na mimi?"

"Ndiyo," alisema Pilipili. "Mpaka ulipocheka."

"Mimi nilijidharau hata baada ya hapo."

 Daktari akamwandikia mtoto miwani yake ya kwanza, akawasindikiza mwenyewe hadi kwa fundi.